Kitu, Mpaka Kipoe

“Bon. Munafanya nini hapa?” aliuliza Bwana Cyprien, kalamu mkononi.

“Kitu,” alijibu Mama Odile bila kuinua kichwa.

“Kitu gani?”

“Bado hatujafungua, papa.”

Swali lenyewe halikuwa baya. Ubaya ulikuwa wa saa yake. Katikati ya kiwanja, sanduku la mbao lililoshindiliwa mchanga mweusi lilikuwa likifuka moshi, na Papa Dominique, mume wa Mama Odile, alikuwa ametoka kumimina alumini iliyoyeyuka ndani yake, jasho likimtiririka hadi kwenye mkanda wa suruali. Katika nyumba ile ya mtaa wa Mangobo, kitu kilicho ndani ya sanduku hakiitwi jina mpaka kipoe. Ndivyo Papa Dominique alivyofundishwa kazi na mjomba wake. Ukikiita sufuria, kitatoka kimetoboka. Ukikiita mwiko, kitavunjika shingo. Mtoto wa tumboni haitwi jina. Ngoja azaliwe, umwone uso, kisha umwite utakavyo. Kwa hiyo siku nzima ungewasikia wakiambiana, “Geuza kitu polepole,” “Kitu kimeshiba?” na wateja walikuwa wamekwisha kuzoea. Hata mwalimu wa shule aliyeleta kengele iliyopasuka aliulizia hali ya “kitu chake” kama anayemuulizia mgonjwa.

Bwana Cyprien hakuwa mteja. Alikuwa mtu wa kodi, mgeni katika mtaa, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka makunjo yake yangeweza kukata nyanya.

“Mama, miye niko na karatasi,” alisema. “Hapa banauliza: anatengeneza nini. Siwezi kuandika ‘anatengeneza kitu’.”

“Andika tu. Njo vile iko.”

“Unanichekelea?”

“Hapana, papa. Miye nikicheka, hata ngambo ya mto banasikia.”

Aliyecheka alikuwa Jeancy, mtoto wao wa kiume, mwanamume wa kuoa, aliyekaa nyuma ya baiskeli iliyopinduliwa magurudumu juu. Zamani baiskeli ile ilikuwa toleka, ilibeba abiria kila pembe ya mji, mpaka pikipiki zikaila kazi yake. Sasa Jeancy aliizungusha kanyagio kwa mkono, mkanda wa mpira ukazungusha feni, na feni ikapuliza makaa ndani ya shimo. Kicheko chake kilikuwa kidogo, lakini kilitosha. Bwana Cyprien alikunja uso, akaingia ndani ya kibanda cha kazi bila kukaribishwa.

Ndani alikuta mifano imepangwa ukutani: sufuria kubwa na ndogo, miko, mifuniko, pasi ya makaa, roda ya kisima, na hélice ya mashua, ile panga-boi ya nyuma inayosukuma maji.

“Hélice!” alipiga kelele, kama aliyekuta bunduki. “Patente yenu, ile karatasi ya kodi, inasema marmites, sufuria tu. Nani alibapa ruhusa ya hélice?”

Papa Dominique alikwisha kuvua kofia. Alikwisha pia kumtuma mtu anunue Fanta baridi, na kiti kizuri cha nyumba kilikuwa kimetolewa nje. “Chef,” alisema kwa upole, “kazi ni moja. Sanduku ni ile ile, muchanga ni ule ule, moto ni ule ule. Mutu akileta kijiko, tunalaza kijiko ndani ya muchanga, tunapata kijiko. Akileta hélice, tunalaza hélice. Sisi hatubadilishi kitu.”

“Vitu ni mbalimbali, patente ni mbalimbali.”

“Lakini kazi, chef...”

“Serikali hailipishi kazi, papa. Inalipisha kitu.”

“Basi,” alisema Mama Odile, akipangusa mikono kwenye kitenge, “ingoje kitu kizaliwe kwanza, njo ikilipishe. Hata padri anangoja mutoto atoke.”

Bwana Cyprien alikunywa Fanta yake mpaka chini, bila haraka. Alirudisha chupa juu ya kiti. Akavuta mlango wa kibanda, akatoa kufuli kubwa ya chuma kwenye mkoba, akaifunga *kwa!* na mifano yote ikabaki ndani, pamoja na masanduku, hata lile la moshi aliloamuru liingizwe, pamoja na toleka ya Jeancy ambayo yeye mwenyewe aliisukuma ndani na kuchafua mkono wa shati lake.

“Mutu akigusa hii kufuli,” alisema, “ni gereza, Maison Centrale.”

Alipokwisha kwenda, Papa Dominique alibaki amesimama na kofia mkononi. “Alikunywa Fanta yangu,” alisema.

“Njo yako,” alijibu mkewe. “Miye sikumupa.”

* * *

Siku nyingine wangeweza kungoja. Juma hili, hapana. Jumapili walitakiwa kuwa Yanonge kupeleka mahari kwa wazazi wa Naomie, mchumba wa Jeancy. Mbuzi alikuwa tayari, nguo zilikuwa tayari, chumvi ilikuwa tayari. Kilichobaki ni sufuria ya mama mkwe.

Kwa ukoo wa Naomie, sufuria hiyo ina mtihani wake. Mama wa binti humkalisha mjukuu wake ndani, mbele ya watu wote. Mtoto akikaa akaenea, miguu na yote, vigelegele. Magoti yakitoka nje, wageni wanaambiwa warudi nyumbani wakatafute sufuria. Na kwa kuwa waoaji ni mafundi wa sufuria, watu wa Yanonge walikuwa wamekwisha kumchagua mjukuu mnene kupita wote. Walikuwa wakimlisha tangu Pasaka.

Jua lilikuwa bado halijazama walipokaa kula pondu, majani ya muhogo, na vipande vya samaki. Hakuna aliyekula kwa moyo.

“Tununue sokoni,” alisema Papa Dominique.

“Mufundi wa sufuria analeta sufuria ya soko?” Mama Odile alimtazama kama anayetafuta homa usoni pake. “Batasema hata bwana-arusi tulimununua sokoni.”

“Basi nimupelekee chef madesu ya bana. Kidogo tu. Afungue.”

Madesu ya bana ni maharagwe ya watoto, na mji mzima unajua kwamba maharagwe hayo hayajawahi kufika kwenye chungu cha mtoto yeyote.

“Ukimupa leo, kesho atakuja kuhesabu miko. Kesho kutwa mifuniko. Utamulipa mpaka vishikio vya sufuria.”

“Nivunje kufuli,” alisema Jeancy. “Nyundo moja.”

“Weye pia kaa chini. Njo kile anangoja. Unafikiri alitusimulia ya Maison Centrale bure? Ukivunja, anakushika, na Jumapili tutapeleka Yanonge mbuzi na habari ya bwana-arusi iko gerezani.” Mama Odile alilamba vidole. “Kufuli ile hakuna mutu atagusa. Itabaki nzima kama yai.”

“Alors?” mumewe aliuliza.

“Alors, alifunga nyumba. Hakufunga kazi.”

* * *

Asubuhi Papa Dominique aliaga kwamba anakwenda kutafuta vyuma chakavu. Alivaa viatu vya kanisani. Mama Odile aliviona, akaendelea kufagia.

Ofisini alikalishwa kwenye benchi la korido mpaka kivuli cha dirisha kikahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Karani mmoja alimwomba asogeze miguu. Mwingine alimwomba akamnunulie muhogo wa kuchoma, akaenda. Alipoitwa hatimaye, Bwana Cyprien hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. Soli ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imefungwa waya, na juu ya meza palikuwa na kikombe kisicho na mkono.

“Papa, miye si mubaya,” alisema. “Lakini hata miye niko na chef juu. Anataka kila mutu awe ndani ya rubrique yake, ndani ya fungu yake ya karatasi. Chagua kitu moja. Unaandika: miye natengeneza marmites tu, sitatengeneza kitu ingine hata siku moja. Unatia sahihi. Leo leo nakuja kufungua. Hata Fanta sitaki.”

Papa Dominique aliitazama kalamu. Ilikuwa karibu. Sufuria, mbona ni kazi ya heshima! Nusu ya Mangobo inakula kutoka katika sufuria zake. Aliinua mkono, ukafika nusu ya njia. Akasema anakwenda kuzungumza na mkewe, na Bwana Cyprien akatabasamu tabasamu lile la wanaume wanaodhani mwenzao anatawaliwa na mkewe.

Nyumbani alisimulia yote, pamoja na ya muhogo. Hakuficha hata ya mkono uliofika nusu ya njia.

Mama Odile hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. “Mwalimu atarudia kengele yake,” alisema. “Nitamwambia nini? Ule mama wa kisima, kamba yake inakatika kila siku juu ya roda mbaya, nitamwambia nini? ‘Bwana yangu aliandika, mikono yake ilisahau’?”

“Ni ya kupata mulango tu, Odile.”

“Na Jeancy? Akianza nyumba yake, atarithi nini? Sanduku ya kuzaa kitu moja?” Alichukua konzi ya mchanga mweusi kutoka kwenye lundo la nje, akaukamata, akafungua kiganja, mchanga ulibaki na alama za vidole vyake, hata mstari wa pete. “Angalia. Huu muchanga haujauliza kidole ya nani. Unaukamata, unashika. Yeye anataka tuufundishe kuuliza.”

Papa Dominique aligusa ile alama ya pete kwa kidole. Kisha akavua viatu vya kanisani, akaviweka mlangoni sambamba, akaingia chumbani. Wakasikia mgongano wa mbao, wakasikia kitu kizito kikiburutwa. Alitoka na ubao mrefu begani. Akarudi, akatoka na wa pili.

“Papa,” aliuliza Jeancy, “si ni kitanda yenu hiyo?”

“Masanduku yetu iko nyuma ya kufuli. Hii iko na upana wa kutosha.”

Mama Odile alishika kiuno. Safari hii alicheka, na ngambo ya mto bila shaka walisikia. “Baba Jeancy! Tutalala chini?”

“Tutalala chini. Bana tulishazaa.”

* * *

Shimo la moto halikuwa na mlango, kwa hiyo halikuwa limefungwa. Chungu cha kuyeyushia, kilichokatwa kutoka kwenye mtungi mzee wa gesi, kilikuwa ndani ya shimo kama kawaida, kwa kuwa hakuna mtu wa kodi aliyetaka kukiinua na shati jeupe. Feni ilikuwa imezikwa ukingoni. Vyuma chakavu vilikuwa vimelundikana chini ya mwembe wa jirani: injini za pikipiki zilizokufa, fremu za madirisha, sufuria zilizopasuka. Kilichokosekana ni cha kuzungusha feni, na cha kulaza mchangani.

Cha kwanza alikipata Jeancy kabla hajamaliza kuomba. Waziri, rafiki yake ambaye bado anaendesha toleka kwa ukaidi tu, alifika na wenzake sita, kila mmoja na baiskeli yake. “Moja ikichoka, ingine inaingia,” alisema. “Tulinyimwa abiria, tusinyimwe na upepo?”

Cha pili kilikuwa kwa Mama Karima, jirani aliyetoka Maniema na sufuria kubwa kichwani, ile ya kupikia pilau ya Idi. Mama Odile alimkuta akichambua mchele.

“Dada Karima, nakuja kuomba sufuria yako.”

“Ya kupika?”

“Ya kuzika.”

“Mungu wangu! Nani alikufa?”

“Hakuna. Inazikwa ndani ya muchanga, inatoka, inabaki kitoto yake.”

Mama Karima aliendelea kuchambua. “Hiyo sufuria ilipita ndani ya gari-moshi kutoka Ubundu, abiria bakaishukia juu, haikubonyea. Ukiniletea na alama moja...”

“Ukiona alama, chukua Jeancy.”

“Jeancy anakula sana. Nirudishie sufuria tu.” Akainuka, akaitoa uvunguni mwa meza, akaipangusa vumbi kwa upande wa kanga yake. “Na siku ya Yanonge, munibakishie nyama. Ile ya mbuzi, si ile ya maneno.”

Tatizo likabaki moja, na wenye kazi walilijua: alumini ikipoa husinyaa. Mtoto wa sandukuni siku zote ni mdogo kidogo kuliko mama yake, na mjukuu wa Yanonge alikuwa akizidi kunenepa. Mama Odile aliipaka sufuria ya Karima udongo laini wa mfinyanzi kwa nje, akaupandisha juu ya ukingo ili kina kizidi, akaulainisha kwa kitambaa chenye maji na kuuacha ukauke kivulini. Sufuria ikanenepa pia. “Basi mutoto na sufuria babe sawasawa,” alisema.

Kisha, wengine walipokuwa wakipigilia mbao za kitanda, alichukua vipande viwili vya sabuni ya kufulia alivyokuwa ameviloweka mpaka vikalegea, akaenda kwenye mlango wa kibanda. Kufuli ya Bwana Cyprien ilikuwa ikining’inia pale. Aliikandamizia sabuni mbele, akaikandamizia nyuma, kwa upole kama anayemnawisha mtoto uso. Akavuta. Kufuli ilibaki palepale, nzima kama yai, ila sasa ilikuwa inanukia.

“Mama, unafanya nini?” Jeancy aliuliza.

Mama Odile alimtazama tu.

“Ah,” alisema Jeancy. “Kitu.”

* * *

Jumamosi moshi ulipanda kutoka kiwanjani, mweupe na mnene, na ulionekana mpaka barabara kubwa. Bwana Cyprien aliuona. Alifika na polisi mmoja mrefu aliyebeba bunduki kama mtu anayebeba mwavuli wa mwenziwe.

Kiwanja kilikuwa kimejaa. Baiskeli zilikuwa zimepinduliwa kwenye mstari, Waziri akipokezana na wenzake. Watoto walikaa juu ya ukuta. Mama Karima alikuwa ameleta kiti chake mwenyewe ili kuwa karibu na sufuria yake, ambayo tayari ilikuwa imetoka mchangani na kusuguliwa, akiigeuza huku na huku kutafuta alama. Papa Dominique alikuwa amemaliza kumimina mara mbili: katika sanduku kubwa la mbao za kitanda, na katika kisanduku kidogo kando yake, ambamo Mama Odile alikuwa amelaza kidude cha udongo kilichofinyangwa ndani ya sabuni. Vyote viwili vilikuwa vikifuka.

“Nilifunga!” alisema Bwana Cyprien.

“Ndiyo, papa,” alisema Mama Odile. “Ulifunga muzuri. Angalia.”

Bwana Cyprien alikwenda mlangoni, akaishika kufuli, akaivuta. Haikuwa na mkwaruzo mpya. Akainusa, asijue kwa nini anainusa. Alirudi akipangusa pua.

“Munafanya nini hapa?”

“Kitu,” alisema Mama Odile.

“Kitu,” alisema Jeancy.

“Kitu,” alisema Papa Dominique, na kofia yake ilikuwa kichwani.

“Usiniulize miye,” alisema Mama Karima. “Miye niko mugeni.”

“Nauliza mara ya mwisho. Ndani ya hii sanduku kuna nini? Nataka jina yake, niandike!”

“Ngoja ipoe, papa. Utaona na macho yako. Jeancy, letea chef kiti. Fanta hakuna.”

Ilibidi angoje. Angefanya nini? Kupiga teke alumini ya moto? Polisi alikuwa amekwisha kukaa juu ya gogo na kupewa ndizi. Bwana Cyprien alikaa kwenye kiti kizuri, karatasi magotini, kalamu juu ya mstari mtupu, huku jua likimpiga shingoni na watoto wa ukutani wakimuuliza kila mara, “Chef, bado?”

Papa Dominique aligusa mchanga. Akaguna. Yeye na Jeancy walishika mbao za kitanda, wakainua. Mchanga uliporomoka, na sufuria ikatokea, ya kijivu, yenye midomo minene na masikio manne, moshi ukiitoka kama mtu aliyetoka kuoga. Papa Dominique aliigonga kwa fundo la kijiti. Ilijibu kwa sauti moja ndefu, isiyo na ufa.

“Sufuria!” kiwanja kizima kilipiga kelele, na wanawake wakapiga vigelegele.

“Marmite,” alisema Bwana Cyprien, akianza kuandika kwa hasira. “Marmite moja, kubwa, bila...”

“Bila nini, papa?” Mama Odile alimkatiza. “Marmite iko na patente yake. Weye mwenyewe ulitusomea: patente yenu inasema marmites. Tulilipa. Andika: marmite, patente iko.”

Kalamu ilisimama. Polisi aliacha kutafuna.

“Na hiyo ndogo?” Bwana Cyprien alielekeza kidole. “Hiyo si marmite. Hiyo ni nini?”

“Kitu.”

“Fungua!”

“Unataka weye mwenyewe? Imepoa.”

Alitaka. Aliinama, akaachanisha vipande viwili vya kisanduku, akapukutisha mchanga kwa vidole, na vidole vikakamata kitu chenye umbo alilolijua. Akakisimamisha kwenye mwanga. Ilikuwa kufuli. Kufuli yake: tumbo lile lile, chapa ile ile ya kiwanda, hata mkwaruzo wa siku alipoiangusha kwenye ngazi za ofisi. Ila ilikuwa nyeupe, na ilikuwa ndogo kidogo.

Watoto wa ukutani walinyoosha shingo. Bwana Cyprien, kwa mazoea ya mkono kuliko ya akili, alitoa ufunguo mfukoni, akaujaribu. Ufunguo uligonga alumini. Palikuwa na alama ya tundu, hapakuwa na tundu. Alivuta chuma cha juu. Kilikuwa mwili mmoja na tumbo.

“Hii haifungi!” alisema.

“Njo vile, papa,” alijibu Mama Odile. “Inafanana tu. Haifungi kazi, kama ndugu yake ya pale mulangoni.”

Aliyeanza kucheka alikuwa polisi. Alijaribu kukiingiza kicheko ndani ya ganda la ndizi, kikamshinda, kikatoka puani. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzuia kitu. Watoto walishuka ukutani kwa kuogopa kuanguka. “Chef,” alisema polisi, akifuta macho, “andika basi: fabricant, mutengeneza kufuli.”

“Hakuna rubrique!” Bwana Cyprien alipiga kelele, na sauti yake ilipasuka kama ya kijana wa kwaya. Alisimama, akaitupa kufuli ya alumini mchangani, akaokota mkoba. “Nitarudi Siku ya Kwanza!”

“Karibu, papa. Utatukuta hapa hapa. Utuulize tena.”

* * *

Yanonge mjukuu aliingia. Alikaa ndani ya sufuria, akavuta miguu, akatazama watu juu ya ukingo, na alipotakiwa kutoka akakataa. Mama wa Naomie alimwinua kwa makwapa. Sufuria ikainuka naye. Vigelegele vilisikika mpaka kwenye mashua za mtoni, na Papa Dominique, aliyekuwa amelala chini siku zote zile, alicheza ngoma akiwa ameshika mgongo.

Jumatatu, hiyo Siku ya Kwanza, Bwana Cyprien alirudi kweli. Lakini hakuja kufunga, alikuja kuchukua kufuli. Kufuli ile ilikuwa ya ofisi, ofisi haikuwa na nyingine, na huko mbele kulikuwa na seremala aliyekutwa akitengeneza viti na milango kwa randa moja.

Njia ilikuwa ndefu. Kwenye kona alimkuta mwanamke anakaanga mikate. Ilikuwa inaelea katika mafuta, ya mviringo, ya kahawia, kila mpita njia anaiona. “Unakaanga nini, mama?” aliuliza, kwa mazoea tu.

“Kitu,” alisema yule mwanamke. “Bado sijatoa.”

Mshona nguo hakuinua mguu kwenye cherehani. “Kitu, chef. Ngoja nikate uzi.” Kinyozi alimwomba asubiri kichwa kiishe. Fundi wa redio alimwonyesha matumbo ya redio yaliyotapakaa mezani, akainua mabega. Mpaka anafika kwenye kiwanja cha kina Jeancy, Bwana Cyprien alikuwa ameacha kuuliza.

Alitia ufunguo, akageuza. Mlango ulifunguka wenyewe. Mama Odile alipita mbele yake bila kusema asante, akaangua hélice ukutani, akaibeba nje kama mtoto aliyelala, akailaza kifudifudi juu ya ubao. Jeancy alitoa toleka, akaipindua. Papa Dominique alianza kuchekecha mchanga juu ya hélice ile, na mchanga ukaifunika, bawa moja, kisha la pili, mpaka haikuonekana tena kuwa chochote.

Bwana Cyprien alibaki amesimama, kufuli mkononi. Alifungua mdomo.

“Papa,” Mama Odile alimwahi, na alikuwa mpole safari hii, karibu mpole kabisa, “ofisi yenu iko na kufuli moja tu, banatuambia. Lete. Kuna nafasi hapa pembeni. Tubazalishie ingine.”

Alisogeza mchanga kwa kiganja, akafanya kishimo kidogo cha ukubwa unaotosha.

Bwana Cyprien alikitazama kile kishimo. Kisha akaichomeka kufuli mfukoni haraka, akaifunika kwa mkono, na akatoka hivyo hivyo mpaka barabarani, mkono juu ya mfuko, kama mtu anayepita sokoni katikati ya wezi. Nyuma yake gurudumu la toleka lilianza kuzunguka.